Mjumbe Aliyesukumwa Kisimani

Mwaka 2024, iliporipotiwa kwamba Warner Bros. imeanza kufikiria mfululizo wa runinga utakaosimulia yaliyotangulia filamu ya 300, ile ya Wasparta wa Ugiriki waliolikabili jeshi la Uajemi (Iran ya kale) pale Thermopylae, ubishi wa mwaka 2007 ulirudi kana kwamba haukuwahi kwisha. Vipande vya Leonidas, mfalme wa Sparta, akinguruma mbele ya kisima vinaendelea kuzunguka kwenye TikTok na Instagram, vikitazamwa na vijana ambao filamu ilipotoka walikuwa hawajazaliwa, na chini yake watu wanarushiana maneno yaleyale. Mmoja anasema ni burudani, acheni kulia. Mwingine anajibu kwa kupanga makosa: Wasparta hawakuingia vitani vifua wazi, mfalme Xerxes hakuwa jitu lililotogwa uso mzima, na jeshi la Uajemi halikuwa na kifaru mwenye pembe. Trela za filamu ya Christopher Nolan kuhusu safari za Odysseus, ambamo Mkenya Lupita Nyong'o ni mmoja wa waigizaji, zilipoanza kutoka, ubishi ulielekea hukohuko: kofia za chuma za namna gani, ngao za karne ipi.

Naamini pande zote mbili zimeshika pasipo. Watu waliokasirishwa na 300, na hasa Wairani, hawakukasirishwa na kosa la mwalimu wa historia. Walikasirishwa na kuona taifa zima likinyimwa sura ya kibinadamu, na kunyimwa huko hakukuhitajika ili Leonidas awe shujaa. Wagiriki wenyewe, waliopigana vita hivyo na kuzika ndugu zao, walimsimulia adui yao kwa heshima kubwa kuliko Hollywood ilivyofanya baada ya miaka karibu 2500. Tukilielewa hili, swali la kuuliza kuhusu mfululizo huo mpya, na kuhusu filamu yoyote ya vita vya kale ikiwemo zile tunazotamani kuzitengeneza wenyewe, linabadilika kabisa.

Kwanza filamu yenyewe. Zack Snyder aliiongoza kwa kufuata kitabu cha katuni cha Frank Miller cha mwaka 1998, kilichochorwa kwa michoro mizito ya kivuli na damu na kupakwa rangi na Lynn Varley. Karibu yote ilipigwa ndani ya studio mjini Montreal, waigizaji wakicheza mbele ya pazia la buluu, kisha milima, bahari, mawingu na hata rangi ya ngozi vikatengenezwa kwa kompyuta. Kila fremu ilikusudiwa ifanane na ukurasa wa katuni. Bajeti yake ilikuwa kama dola milioni 65, na ikaingiza zaidi ya dola milioni 450 duniani kote. Ilipofunguliwa Marekani tarehe 9 Machi 2007, ilipata kama dola milioni 70 kwa mwisho mmoja wa juma, kiasi ambacho hakuna filamu ya mwezi Machi iliyokuwa imewahi kukifikia. Hakuna aliyetegemea hayo kutoka kwa filamu isiyo na nyota mkubwa, yenye masharti makali ya umri, inayohusu vita vya mwaka 480 KK.

Dalili kwamba watazamaji wangegawanyika ilionekana mapema. Katika Tamasha la Filamu la Berlin, Februari 2007, waandishi wa habari walioonyeshwa filamu waliizomea na baadhi wakatoka ukumbini, lakini usiku wa maonyesho rasmi watazamaji waliishangilia kwa nguvu. Katika mikutano na wanahabari Snyder aliulizwa kama rais George Bush ndiye Leonidas au ndiye Xerxes. Swali hilo lilikuwa na maana kuliko lilivyochukuliwa. Mtu angeweza kumwona Bush katika mfalme anayekwenda vitani bila idhini ya baraza lake, akisema anatetea uhuru. Angeweza pia kumwona katika mfalme wa dola kubwa anayevuka bahari kuishambulia nchi ndogo. Filamu ambayo kila upande unaweza kujiona ndani yake kama shujaa haibebi hoja ya kisiasa iliyonyooka, na wale walioiita matangazo ya Ikulu ya Marekani walikuwa wamepitiliza. Ilikuwa imechorwa na Miller kabla ya Septemba 2001, kutokana na filamu aliyoipenda utotoni.

Lakini ilitua katika mwezi fulani, na mwezi huo una uzito wake. Tarehe 24 Machi 2007, majuma mawili tu baada ya filamu kuanza kuonyeshwa, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 1747 la kuongeza vikwazo dhidi ya Iran kwa sababu ya mpango wake wa nyuklia. Siku moja kabla, Iran ilikuwa imewakamata wanamaji 15 wa Uingereza. Watu wa Tehran walikuwa wakiishi na hofu ya kushambuliwa, wakijua yaliyowapata majirani zao wa Iraq na Afghanistan. Na ilikuwa Nairuzi, mwaka wao mpya, wakati familia zinakusanyika na kukumbuka ukale wao. Ndipo habari ikafika kwamba filamu inayoongoza Marekani inawaonyesha mababu zao kama kundi la mazimwi, watumwa, na mfalme mwenye wazimu.

Javad Shamqadri, mshauri wa rais Mahmoud Ahmadinejad kuhusu sanaa, aliiita vita vya kisaikolojia. Gazeti la Ayande-No liliandika katika ukurasa wa mbele kwamba Hollywood imewatangazia vita Wairani. Malalamiko yalipelekwa UNESCO. Magazeti mengi ya Magharibi yakaishia hapo, yakaliandika jambo zima kama hasira za serikali inayopenda kutafuta maadui. Wakasahau, au hawakutaka kusikia, kwamba Wairani walioko Los Angeles, Toronto na London, watu ambao wengi wao waliikimbia serikali hiyohiyo, nao walikuwa wakisaini malalamiko. Mtu aliyefungwa na serikali na yule aliyemfunga walikuwa wameumizwa na kitu kimoja. Kisaikolojia na kisiasa hilo ni jambo zito, na ndilo lilipaswa kuwa habari. Uajemi wa kale, wa wafalme Cyrus na Darius, ni urithi ambao Wairani wa kila mrengo wanaudai kwa pamoja, na kwa wengi waliokimbia nchi ndiyo sehemu ya utaifa wao ambayo utawala wa sasa haukuweza kuinyakua.

Jibu la Warner Bros. lilikuwa kwamba filamu ni kazi ya kubuni, imetokana na kitabu cha katuni, imetengenezwa kwa burudani tu na haikukusudia kudharau kabila wala utamaduni wowote. Hiyo ndiyo hoja ya "ni sinema tu," na kati ya zote zilizotolewa kuitetea filamu ndiyo dhaifu kuliko zote. Wanaoitoa hawaiamini wenyewe. Vijana walioingia mazoezini mwaka 2007 wakitaka vifua kama vya Gerard Butler hawakuichukulia kama sinema tu. Walichukua humo mfano wa mwanamume wa kuigwa. Wapinzani wa sheria za kudhibiti bunduki Marekani, wanaobandika kwenye magari na mabango jibu ambalo Plutarch, mwandishi Mgiriki wa kale, anasema Leonidas alimpa Xerxes alipodaiwa silaha, "njooni mzichukue", hawalichukulii kama mchezo. Maneno hayo walikuwa nayo kabla ya filamu, ni kweli, lakini filamu iliyapa sura na sauti na misuli. Chama cha Golden Dawn cha Ugiriki, ambacho mahakama ya Athens ilikitangaza kuwa genge la uhalifu mwezi Oktoba 2020, kilikuwa na desturi ya kukusanyika na mienge mbele ya sanamu ya Leonidas pale Thermopylae. Na ukirudi nyuma zaidi, tarehe 30 Januari 1943, Hermann Göring, msaidizi mkuu wa Hitler, aliwaambia wanajeshi wa Kijerumani waliokuwa wakifa kwa njaa na baridi huko Stalingrad kwamba wao ni Wasparta wa Thermopylae. Hadithi hii imetumika kuwapeleka watu kwenye kifo. Anayesema haina nguvu yoyote nje ya ukumbi anabishana na historia nzima ya matumizi yake.

Iko hoja nyingine ya kuitetea filamu, na hiyo inastahili kujibiwa kwa heshima. Tunayoyaona yote yanasimuliwa na Dilios, Msparta aliyepoteza jicho, mbele ya wanajeshi waliozunguka moto usiku wa kuamkia vita vya Plataea, vilivyopiganwa mwaka mmoja baada ya Thermopylae. Kazi yake ni kuwatia ari. Kwa hiyo askari wa Xerxes wenye nyuso za zimwi, jitu lililofungwa minyororo, mfalme wa urefu usiowezekana, vyote ni vile ambavyo msimuliaji wa vita angewaonyesha wenzake kabla ya mapambano. Snyder mwenyewe alieleza kwamba Dilios ni mtu asiyekubali ukweli umharibie hadithi nzuri. Ukiitazama hivyo, filamu inaonyesha namna majeshi yanavyomfikiria adui, na haina wajibu wa kusahihisha.

Hoja hii inanigusa kwa sababu sisi pia tuna sanaa ya namna hiyo, na tunaipenda. Utendi wa Tambuka, uliotungwa Pate mwaka 1728 na Bwana Mwengo wa Athumani, unasimulia vita vya Waislamu na Herekali, mfalme wa Rumi ambaye watu wake walizungumza Kigiriki. Majeshi yake ni ya kupita hesabu, mapigo ya upanga ni ya kupita uwezo wa mkono wa mtu, na hakuna Mswahili aliyewahi kusimama barazani kudai ushahidi wa idadi. Utenzi wa vita hukuza mambo. Ndiyo kazi yake. Kwa hiyo siwezi kuungana na wakosoaji wanaoona dosari katika ule ukuzaji wenyewe, au wanaotaka kila filamu ya kale iwe kama maonyesho ya makumbusho. Snyder alikuwa na haki ya kupaka anga rangi ya shaba na kumpunguzia mkuki mwendo hewani. Humo filamu ni nzuri, na watazamaji walioshangilia Berlin walikuwa na macho.

Pale hoja ya Dilios inapokwama ni hapa: msimuliaji asiyeaminika hufanya kazi yake kama filamu inamwachia mtazamaji mlango wa kumshuku. Iwe sura moja, tukio moja, sauti moja inayopishana na ya kwake. Katika 300 hakuna. Filamu inamaliza na Dilios akiongoza mashambulizi pale Plataea, na kamera iko pamoja naye, muziki uko pamoja naye, na hatumwoni Mwajemi hata mmoja ambaye si vile alivyotuambia. Herekali wa Bwana Mwengo ni adui na atashindwa, lakini anaandikiwa barua na anaijibu. Ni mfalme mwenye kiburi na sababu zake. Katika majeshi ya Xerxes wa Snyder hakuna askari hata mmoja mwenye sababu ya kuwa pale isipokuwa mjeledi.

Wanahistoria walioikosoa filamu walikuwa na mengi ya kusema, na mengi yalikuwa sahihi, ingawa nadhani waliwapa watetezi njia rahisi ya kuponyokea. Ukimwambia mtu kwamba Wagiriki pale Thermopylae walikuwa zaidi ya 5000 kwa hesabu ya Herodotus, mwanahistoria Mgiriki wa kale, na kwamba Wathespia 700 walibaki na Leonidas mpaka wakafa, atakujibu kwamba filamu haiwezi kubeba kila kitu. Atakuwa amesema kweli. Kosa moja tu kati ya hayo lina uzito wa aina nyingine, nalo ni kutoweka kwa maheloti. Hawa walikuwa Wagiriki waliotiwa utumwani na Sparta kizazi kwa kizazi, waliolima ili Msparta apate nafasi ya kufanya mazoezi ya vita maisha yake yote. Plutarch, akimnukuu Aristotle, anasema viongozi wa Sparta kila mwaka waliwatangazia vita rasmi ili kuwaua kusiwe dhambi. Herodotus anasema pale Plataea kila Msparta alifuatana na maheloti saba, watumwa 35000 kwa raia 5000. Filamu inapoweka neno uhuru katika kila hotuba ya Leonidas na kuwaondoa kabisa watu hawa, uongo wake haupo katika mavazi. Uko katika hoja yake kuu. Utumwa wote umehamishiwa upande wa Uajemi, na Sparta imebaki safi.

Turudi kwenye kisima, maana ndicho kinachozunguka mitandaoni na ndicho kitakachokumbukwa. Mjumbe wa Xerxes anafika Sparta na mafuvu ya wafalme walioshindwa. Anachezwa na Peter Mensah, mzaliwa wa Ghana, na sauti yake nzito na mkao wake vinamfanya kwa dakika chache kuwa mtu wa kupendeza kuliko wote walio pale. Anadai udongo na maji, alama ya kutii. Leonidas anachomoa upanga na kumrudisha nyuma mpaka ukingoni mwa shimo. Mjumbe anamwonya kwamba ni uwendawazimu, hakuna anayemdhuru mjumbe. Leonidas anatulia, anamtazama mkewe Gorgo, naye anaitikia kwa kichwa. Kisha ile kauli, "Hii ni Sparta!", kisha teke la kifua, na mwendo wa picha unapunguzwa ili tumwone anavyokwenda chini. Niliitazama mara ya kwanza katika kibanda umiza cha mtaani, na kelele za furaha zilizopigwa pale zilikuwa kubwa kuliko za goli la dakika ya mwisho. Stelingi ameshatambulika, atakayempinga ni adui. Hakuna aliyekuwa na sababu ya kujiuliza kwa nini mtu mweusi aliyesema maneno mengi ndiye aliyetupwa shimoni, wala filamu haikutoa nafasi ya kujiuliza.

Herodotus anakisimulia kisa hicho, lakini kwake hakiishii kisimani. Wajumbe waliouawa walikuwa wa Darius, baba wa Xerxes, miaka kadhaa kabla. Athens waliwatupa shimoni walikotupwa wahalifu, Sparta waliwatupa kisimani na kuwaambia wachukue udongo na maji humohumo. Na kwa sababu hiyo, anasema, Xerxes alipotuma wajumbe wake hakutuma yeyote katika miji hiyo miwili. Wasparta wenyewe hawakujivunia waliyoyatenda. Kwa muda mrefu dhabihu zao zilikataa, hawakupata ishara njema, wakaamini kwamba wamewakosea miungu kwa kumwaga damu ya wajumbe. Wakaitisha mikutano mara kwa mara na kuuliza nani yuko tayari kufa kwa ajili ya Sparta. Wakajitokeza wawili, watu wa koo kubwa na wenye mali, Sperthias na Bulis, wakajitolea kwenda Uajemi kuuawa kama fidia.

Njiani walimkuta Hydarnes, jemadari wa Uajemi katika nchi za pwani. Akawakaribisha, akawalisha, akawashauri wawe marafiki wa mfalme kwa kuwa mfalme anajua kuwaheshimu watu mashujaa. Wakamjibu kwamba yeye anajua utumwa tu na hajaonja uhuru. Angeuonja, angewashauri waupiganie kwa mikuki na kwa mashoka pia. Walipofika Susa, walinzi walijaribu kuwalazimisha wasujudu. Wakakataa hata kwa kusukumwa vichwa, wakasema si desturi yao kumsujudia mwanadamu. Ndipo wakamwambia Xerxes kwamba wamekuja kulipa kwa roho zao. Naye, kwa ukubwa wa moyo, ndivyo Herodotus anavyosema, akajibu kwamba hatafanana na Wasparta waliovunja sheria za watu wote kwa kuua wajumbe. Hatatenda lile analowalaumu kwalo, wala hatawaua ili kuwafungulia hatia yao. Akawaacha waende.

Ukikisoma kisa hiki unaona ushujaa wa Sparta ukiwa umesimama juu zaidi kuliko katika lile teke. Watu wawili wanatembea kwa hiari yao kwenda kufa, wanasema maneno ya uhuru ambayo mwandishi wa Hollywood angeyapenda, na wanakataa kupiga magoti mbele ya mfalme mkubwa kuliko wote duniani. Na mfalme huyo anafanya jambo la heshima. Hakuna upande uliopungukiwa kwa sababu mwingine umepewa hadhi. Huyu Xerxes ndiye yule ambaye Herodotus haoni haya kuandika kwamba aliamuru kichwa cha Leonidas kikatwe na kutundikwa, hakumtakasa. Alimpa ukali na ukarimu, majivuno na machozi, kama anavyopewa mtu. Herodotus alizaliwa Halicarnassus, mji wa Kigiriki uliokuwa chini ya Uajemi, na katika sentensi ya kwanza ya kitabu chake anasema anaandika ili matendo makubwa ya Wagiriki na ya wasio Wagiriki yasikose sifa. Karne nyingi baadaye Plutarch alimshutumu kwa kuwapenda mno wageni. Hasira za watazamaji dhidi ya msimulizi anayempa adui haki yake ni za tangu hapo.

Na jukwaani? Karibu mwaka 493 KK Phrynichus aliwaonyesha watu wa Athens tamthilia kuhusu kutekwa kwa Miletus, mji wa ndugu zao ulioangamizwa na Waajemi. Ukumbi mzima ulilia. Wakamtoza faini ya drakma 1000 kwa kuwakumbusha msiba wao, na wakapiga marufuku tamthilia hiyo isichezwe tena. Mwaka 472 KK Aeschylus akaja na tamthilia kuhusu Salamis, vita vya majini ambavyo Wagiriki waliwashinda Waajemi, na hapo ndipo ninapoona ujasiri mkubwa kuliko wote. Yeye mwenyewe alipigana Marathon na kaka yake aliuawa kule. Waliokaa mbele yake walikuwa wamepiga makasia pale Salamis miaka minane tu kabla. Walikuwa wameuona mji wao ukichomwa moto na Xerxes. Hakuwapa shujaa wa Kigiriki wa kumshangilia. Aliipeleka tamthilia yote Susa, katika ikulu ya adui, akawaonyesha mama wa mfalme akisubiri habari, wazee wakitaja majina ya waliokufa, na Xerxes akirudi na nguo zilizoraruka. Hakuna Mgiriki hata mmoja anayetajwa kwa jina. Watu wa Athens wakampa zawadi ya kwanza.

Msomi Edward Said, katika kitabu chake Orientalism cha mwaka 1978, aliitaja tamthilia hiyohiyo kama mojawapo ya mianzo ya tabia ya Magharibi kuisemea Mashariki kwa kinywa chake yenyewe. Ana hoja. Waajemi wa Aeschylus wanalia kwa namna ambayo Mgiriki alitaka walie, na ushindi wa Athens umejaa katika kila ubeti. Hata hivyo wanalia kwa sababu wana watoto waliokufa. Sanaa ile ilikuwa imekuzwa na kupambwa kuliko filamu yoyote ya Snyder: vinyago usoni, kwaya, mavazi mazito, mzimu wa Darius ukipanda kutoka kaburini. Mtindo haukumzuia Aeschylus kumwona adui kuwa ni mtu. Kwa hiyo utetezi unaosema kwamba 300 ilipungukiwa hilo kwa sababu ni filamu ya mtindo wa katuni hauna pa kusimama.

Sisi wa pwani ya Afrika Mashariki tuna sababu zetu za kulifuatilia jambo hili kwa makini. Kilwa ina tarikh inayosimulia kuja kwa watu wa Shiraz, na mpaka leo wapo Waswahili wanaojiita Washirazi. Wengi tulizoea kuambiwa kwamba hiyo ni hadithi ya kujipandisha daraja, lakini utafiti wa vinasaba uliochapishwa Machi 2023 katika jarida la Nature, uliochunguza mabaki ya watu 80 kutoka miji ya kale kama Mtwapa, Manda na Kilwa, ulionyesha kwamba kweli damu ya Kiajemi iliingia pwani tangu karibu mwaka 1000. Makunduchi, Unguja, kila Julai wanapigana kwa vigogo vya migomba katika Mwaka Kogwa, sherehe yenye asili katika Nairuzi ileile ambayo Wairani walikuwa wakiisherehekea filamu ilipowafikia. Shiraz ya wafanyabiashara na Uajemi wa Xerxes zimepishana kwa zaidi ya miaka elfu moja na sitaki kuziunganisha kwa nguvu, lakini mji huo hauko mbali na magofu ya Persepolis. Na katika jeshi la Xerxes, Herodotus anawataja Waethiopia waliovaa ngozi za chui na simba, wenye pinde ndefu za mti wa mtende na mishale ya ncha za jiwe, waliojipaka nusu ya mwili chaki na nusu udongo mwekundu kabla ya kupigana. Waafrika walikuwepo vitani, kwa mavazi yao na silaha zao, na walielezwa na Mgiriki aliyetaka kujua walivyo. Karibu miaka 2500 baadaye nafasi ya Mwafrika katika vita hivyohivyo imekuwa kuanguka kisimani.

Mfululizo wa runinga, ukitengenezwa, utakuwa na saa nyingi ambazo filamu ya dakika 117 haikuwa nazo. Kisa cha Sperthias na Bulis kingejaza sehemu moja nzima bila kupunguza hata tone la damu ambalo mashabiki wanalitaka. Kwa hiyo wakati wa kuupima utakapofika, nashauri wakosoaji waziache kofia na ngao, waangalie kama kuna Mwajemi mwenye jina anayezungumza na Mwajemi mwenzake kuhusu jambo lake mwenyewe, na kama heloti anaonekana akilima shamba la shujaa. Nashauri pia Wairani wasikilizwe mapema, na wasikilizwe kama watazamaji wanaojua wanachokiona, bila kila mmoja wao kugeuzwa msemaji wa serikali.

Kipimo hicho nitakitumia kwetu pia. Kuna kiu kubwa ya filamu ya Mkwawa, ya Lugalo mwaka 1891, na ya Majimaji, na mimi ninayo kiu hiyo. Tutampata mwigizaji wa kumcheza Mkwawa na tutajua jinsi ya kumwonyesha kamanda wa Wajerumani, Emil von Zelewski, akianguka. Lakini wengi waliokufa upande wa Zelewski siku ile walikuwa askari Waafrika, wengine waliletwa kutoka Sudan, wengine walitoka kusini, Msumbiji, na miaka kumi na nne baadaye, katika Majimaji, waliofyatua bunduki za Wajerumani walikuwemo Wanyamwezi na Wamanyema ambao wajukuu wao tunaishi nao mtaa mmoja. Watengenezaji wetu watakapoileta filamu hiyo, nitaanza kwa kuwatazama askari hao: kama wana majina, wanaongea lugha gani wakiwa peke yao kambini usiku, na nani alibaki nyumbani akiwasubiri.